Mraba Mmoja Kwanza

Chukua kazi yako yoyote, iliyo nyepesi kuliko zote ulizowahi kuchora. Mraba mmoja mwekundu kwenye karatasi nyeupe unatosha. Uhifadhi kwa muundo wa SVG, halafu usiufungue kwa Illustrator wala CorelDRAW. Ufungue kwa Notepad, ile programu ya maandishi matupu iliyomo kwenye kila kompyuta ya Windows na ambayo madizaina hatuigusi.

Utakutana na mistari kadhaa ya anwani na namba za matoleo. Ipite. Teremka mpaka uone neno rect. Karibu yake kuna x na namba yake, y na namba yake, kisha upana, kisha kimo. Rangi nayo haiko mbali: alama ya reli, halafu herufi na tarakimu zile zile unazoziona kila siku kwenye dirisha la rangi. Huo ndio mraba wako. Futa namba ya upana, andika iliyo kubwa mara tano, hifadhi, kisha buruta faili ulidondoshe kwenye kivinjari. Mraba umekuwa mstatili, na hukushika kalamu ya kuchorea hata mara moja.

Nimewafanyisha vijana wengi zoezi hili, na karibu kila mara chumba kinanyamaza. Binti mmoja aliyekuwa akitengeneza kadi za harusi aliniuliza, "Kwa hiyo, mwalimu, miaka yote hii nilikuwa naandika bila kujua?" Ndiyo. Alikuwa anaandika kwa kipanya. Kila alipovuta kona ya umbo, kulikuwa na namba inayobadilika nyuma ya pazia. Wale waliotutangulia, waliokuwa wakipeleka mafaili ya EPS kwenye viwanda vya uchapaji, walikwenda mbali zaidi, kwa sababu EPS imejengwa juu ya PostScript, na PostScript, iliyotolewa na Adobe mwaka 1984, ni lugha kamili ya programu yenye hesabu, masharti na vitanzi vyake. Mashine inayoielewa lugha hiyo hupokea programu, huiendesha, na kinachotoka upande wa pili ni bango.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu hofu inayowazuia madizaina wasijifunze kuandika programu ni hofu ya mahali ambapo tayari wanaishi. Dizaina anayeweka pambizo ya milimita 5, anayegawa ukurasa safu sita, anayekataa kuchanganya aina tatu za herufi kwenye bango moja, anafuata kanuni kutwa nzima. Kilichobaki ni kuziandika kanuni hizo kwa namna ambayo kompyuta itazisoma.

Mimi mwenyewe niliacha mara tatu kabla ya kushika. Kitabu cha kwanza kilianza kwa kukokotoa bei ya bidhaa na kodi yake. Cha pili kilinitaka nitafute namba tasa. Sivilaumu, viliandikwa kwa ajili ya watu wanaotaka kujenga mifumo ya benki na maghala. Mimi nilitaka kuona umbo. Dizaina hujifunza kwa jicho: akichora mstari anauona papo hapo, akikosea anausogeza, akisogeza anajua. Ukimwambia asubiri sura nane ndipo aone duara la kwanza, utampoteza, na si kwa uvivu wake.

Jambo hilo lilitambuliwa zamani katika chuo cha MIT, Marekani. John Maeda, mhandisi aliyegeuka dizaina, alitoa mwaka 1999 lugha ndogo aliyoiita Design By Numbers. Ukurasa wake ulikuwa pikseli 100 kwa 100, bila rangi, kijivu tu kutoka nyeupe hadi nyeusi. Amri ya kwanza ilikuwa karatasi, ya pili kalamu, ya tatu mstari. Ni lugha iliyobanwa kwa makusudi, kama mwalimu anayekunyang'anya rangi ili kwanza ujue umbo. Wanafunzi wake wawili, Casey Reas na Ben Fry, ambao wote walikuwa wamesomea udizaini wa grafiki, walianzisha Processing mwaka 2001. Waliipa kila programu jina la mchoro wa haraka, na folda ya kuhifadhia michoro hiyo wakaiita daftari la michoro. Majina hayo yana uzito. Yanakuambia kwamba programu yako inaruhusiwa kuwa chafu, fupi, ya majaribio, ya kutupwa kesho. Mwaka 2013 Lauren McCarthy akaanza kuijenga p5.js, inayochukua mawazo yale yale na kuyaendesha ndani ya kivinjari, bila kusakinisha chochote. Ukiniuliza uanzie wapi, nitakujibu bila kusita: p5.js.

Ila kabla ya kufungua kompyuta, tukae kwanza na kanga.

Kanga ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yanayowafanya watu wasimame dukani kusoma. Chukua kanga yenye urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 110. Unataka pindo la korosho, na kila korosho na nafasi yake ichukue sentimita 12. Gawa 150 kwa 12: unapata korosho 12 na nusu. Hiyo nusu ndiyo inayoharibu kazi, kwa sababu itakatwa pembeni na kila atakayeivaa kanga ataiona. Dizaina asiyezoea kufikiri kwa kanuni ataanza kuvutavuta umbo moja moja kwa macho mpaka lienee. Mwenye kanuni atageuza swali. Ataamua kwanza idadi, korosho 12 kamili, kisha atagawa 150 kwa 12 apate sentimita 12.5 kwa kila moja. Upande mfupi, 110 ukigawa kwa 12.5 unapata 8.8, atachukua 9, na kila korosho itapata sentimita 12.2 hivi. Tofauti kati ya pande mbili haifiki milimita 3, na jicho haliioni. Pembe tuziache kwanza, zina sura yake.

Ulichokifanya hapo ni kuandika programu. Umechukua kitu kilichokuwa kwenye mkono wako ukakigeuza kuwa maelekezo yanayoweza kutumika tena. Kesho mteja akitaka leso ya sentimita 60, au nembo ya samaki badala ya korosho, kanuni ni ile ile. Zinabadilika namba tu. Msuka mikeka anaijua siri hii. Hachori mkeka mzima kichwani. Anahesabu miyaa ya ukili, anajua upi unapita juu na upi unapita chini, na ua linajitokeza lenyewe kadiri ukili unavyorefuka.

Kwa hiyo zoezi la kwanza la kweli halihitaji umeme. Chagua nembo au pambo ulilolichora mwenyewe, mpigie simu dizaina mwenzako, umwelekeze alichore bila kuliona. "Kaka, weka duara." Atakuuliza: wapi? Ukubwa gani? Rangi ipi? Linaanzia juu ya mstari au chini yake? Kila anapokuuliza swali, andika. Maswali hayo ndiyo namba zitakazokosekana kwenye programu yako. Kompyuta ni kama mwenzako huyo wa kwenye simu, isipokuwa haikisii hata kidogo.

Sasa fungua kivinjari, nenda kwenye kihariri cha p5.js, ambacho hakidai malipo. Utakuta imeandikwa tayari mistari michache yenye mafungu mawili: setup, yaani maandalizi yanayofanyika mara moja, na draw, yaani kuchora. Bonyeza kitufe cha kuendesha, utaona mraba wa kijivu wa pikseli 400 kwa 400. Hiyo ni karatasi yako. Jambo la kuzoea mapema ni kwamba sifuri iko kona ya juu kushoto, na namba ya y inaongezeka unaposhuka. Walioshika hesabu za shuleni hutatizika kidogo. Madizaina hawapati shida, maana ndivyo programu nyingi za kupanga kurasa zinavyopima.

Kazi nitakayokupa si ya kubuni. Ni ya kunakili, kama wanafunzi wa uchoraji walivyonakili kazi za walimu wao tangu zamani. Mwaka 1968 Mjerumani Georg Nees, aliyekuwa akifanya kazi Siemens, alitengeneza kwa kompyuta mchoro alioupa jina Schotter, neno la Kijerumani lenye maana ya kokoto. Ni miraba 12 kwa upana na mistari 22 kwenda chini, jumla miraba 264, yote ya saizi moja, ya mstari mweusi mwembamba. Mstari wa juu umenyooka kama vigae vilivyowekwa na fundi mzuri. Ukishuka, miraba inaanza kuinama kidogo, kisha zaidi, kisha inaachana, mpaka chini kabisa ni kifusi. Hakuna rangi, hakuna picha, na bado ukiutazama unasikia kitu kikibomoka. Hii hapa nakala yake iliyorahisishwa, ya kuinama bila kuachana:

function setup() {
  createCanvas(440, 740);
  angleMode(DEGREES);
  rectMode(CENTER);
  noFill();
  noLoop();
}

function draw() {
  background(255);
  for (let mstari = 0; mstari < 22; mstari++) {
    for (let safu = 0; safu < 12; safu++) {
      let vurugu = mstari * 2;
      push();
      translate(55 + safu * 30, 55 + mstari * 30);
      rotate(random(-vurugu, vurugu));
      square(0, 0, 30);
      pop();
    }
  }
}

Tazama maneno matatu: mstari, safu, vurugu. Ni Kiswahili, na kompyuta imeyapokea bila ubishi. Amri za lugha ni za Kiingereza na idadi yake unayoihitaji mwanzoni haizidi ishirini hivi. Majina ya vitu vyako unayatoa wewe. Nawasihi wanafunzi wangu watumie Kiswahili, kwa sababu programu inayosomeka kwa lugha unayofikiria haikupotei hata ukiirudia baada ya miezi sita.

Neno for ni kitanzi. La kwanza linasema: anza mstari wa sifuri, endelea mpaka ufike 22. La pili, ndani yake, linasema: kwa kila mstari, pita safu 12. Ndivyo mtu anavyopanga vigae. Translate haisogezi kalamu, inasogeza karatasi, ili mraba unaofuata uchorwe mahali pake. Rotate inaizungusha karatasi hiyo. Push inaweka kumbukumbu ya karatasi ilivyokuwa, pop inairudisha. Ukizifuta hizo mbili, kila msogeo utaongezwa juu ya uliotangulia na miraba itakimbia nje ya ukurasa. Ijaribu kwa makusudi. Kosa uliloliona kwa macho yako hulisahau kwa shida.

Uhai wote wa mchoro umo kwenye mstari mmoja: vurugu ni mstari mara 2. Juu kabisa, mstari wa sifuri, vurugu ni sifuri, na mraba haugeuki. Chini kabisa, mstari wa 21, vurugu ni 42, na random inaokota pembe yoyote kati ya digrii 42 upande huu na 42 upande ule. Nees hakuchora kifusi. Alichora kanuni ya kuongeza vurugu kidogo kidogo, na kifusi kikaja chenyewe. Ukilielewa hili, umepata kiini cha kitabu kizima, na mengine ni mazoezi.

Utakwama. Utaandika createcanvas kwa herufi ndogo na mchoro hautatokea, kwa sababu lugha hii inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Utasahau bano moja la kufungia na maandishi mekundu ya Kiingereza yatatokea chini. Usiyakimbie, soma namba ya mstari tu, uende hapo au mstari wa juu yake. Utaondoa noLoop na miraba itaanza kutetemeka kama ina homa. Si ugonjwa. Draw kwa kawaida hurudiwa mara 60 kwa sekunde, na kila mara random inaokota namba mpya. Siku ukitaka uhuishaji, tetemeko hilo hilo utalifuga.

Tatizo moja halitatoka kwenye kompyuta, litatoka kiwandani. Rangi za p5.js ni za kioo, nyekundu, kijani na buluu, kila moja kutoka 0 hadi 255. Kijani kinachong'aa kwenye kioo kitafifia kwenye wino. Ukubwa pia: A3 ya kuchapwa kwa pikseli 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961, si 400 kwa 400. Kwa kazi ya kuchapa napendelea Processing yenyewe, ambayo inaweza kutoa PDF na SVG za vekta. Ukishazipata, unazifungua kwa Illustrator kama faili lolote na kugeuza rangi huko. Processing unaipakua mara moja na kufanya kazi bila intaneti, jambo kubwa kwa anayenunua bando la siku.

Wengi huniuliza ni kitu gani cha kufanya baada ya mchoro wa kwanza. Huwa nawaelekeza kwa Vera Molnár. Alizaliwa Budapest mwaka 1924, akahamia Paris, na tangu 1959 alikuwa akijitungia kanuni na kuzifuata kwa mkono, hatua kwa hatua, akiita njia hiyo mashine ya kufikirika. Alikuwa mwandishi wa programu asiye na kompyuta. Mwaka 1968 alipata nafasi ya kutumia kompyuta ya kweli, enzi ya kadi za kutoboa, na akaendelea na kazi hiyo mpaka uzeeni. Alifariki Desemba 2023, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 100. Somo lake kwa anayeanza ni uvumilivu wa mfululizo: umbo moja, kitu kimoja kinachobadilika, tazama, badilisha kidogo, tazama tena. Anayeanza akibadilisha rangi, saizi, umbo na mwendo kwa pamoja atapata kitu cha kuvutia na hatajua kimetoka wapi. Akibadilisha namba moja mara kumi, atapata michoro kumi na atajua namba hiyo inafanya nini.

Usidhani haya yanaishia kwenye sanaa ya ukutani. Lugha ya p5.js ni JavaScript, na JavaScript ndiyo inayoendesha skripti za Illustrator, Photoshop na InDesign, na ndiyo ya programu jalizi za Figma. Turudi kwa yule binti wa kadi za harusi. Kamati ilimpa orodha ya wageni 250. Alikuwa akibandika jina moja moja, na ikifika saa nane usiku "Bwana na Bibi" wa kadi hii anaenda kwenye kadi ya mwingine. Wiki ya nne ya mafunzo aliweka orodha kwenye faili la maandishi, akaisoma kwa amri ya loadStrings, akapitisha kitanzi. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni alichoongeza mwenyewe. Majina mengine yalikuwa marefu, yakigusa ua la pembeni. Akatumia textWidth, amri inayopima upana wa maandishi, akaandika kanuni: jina likizidi nafasi, punguza herufi nukta moja, pima tena, mpaka lienee. Mwanaprogramu asiye dizaina asingeliona tatizo lile, na dizaina asiyeandika programu angelirekebisha kwa mkono kadi kwa kadi.

Najua pia kwamba siku hizi unaweza kuiomba akili mnemba ikuandikie mistari yote hii kwa sekunde chache. Itumie, lakini baada ya kujua kusoma. Aliyeandikiwa programu asiyoielewa yuko kama aliyepewa nembo ya JPEG bila faili la asili: inaonekana vizuri, na haiwezi kuguswa. Udizaini unaanza pale unapotaka mraba wa tano uiname kidogo zaidi, na kwa hilo lazima ujue mkono uuweke kwenye namba ipi.

Muda? Nusu saa kila siku ina faida kuliko Jumamosi nzima. Kompyuta ya zamani inatosha. Miraba 264 haiisumbui mashine yoyote unayoweza kuipata leo. Ukiwa na simu tu, kihariri cha p5.js kinafunguka pia, ingawa mabano yatakuchosha vidole.

Kabla ya kufungua sura ya nne, nakuomba kitu kimoja. Iandike Schotter kwa vidole vyako, herufi kwa herufi, usiikopi na kuibandika. Ikishatokea, badilisha ile 2 iwe 1, kisha 4, kisha 9. Chapa zote tatu kwenye A4, andika kwa penseli chini ya kila moja namba uliyotumia, uzibandike ukutani mbele ya meza yako ya kazi, mahali utakapoziona kila asubuhi.